Dola ya Mkebe wa Kakao

Al-Shumaisi, Riyadh
Jumapili, tarehe 3 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Riyadh, ambako joto limepungua na sasa ni la kiasi cha binadamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti la kushoto limetulia, ng'ombe bado anakubali kukamuliwa, na yule jirani wa ng'ambo ya barabara amerudisha jembe. Kama hajarudisha, tusimhukumu. Nilipoondoka miaka sita iliyopita alikuwa amelichukua kwa siku mbili tu. Mimi sijambo. Nakula, nalala, ibada naisikiliza kwenye simu siku ya Ijumaa, na nimenenepa palepale ulipotabiri.

Kabla hujaendelea nakuomba kitu kimoja. Barua hii usimpe mtoto wa mtu akusomee. Vaa miwani, kaa kwenye kiti chenye mgongo, usome mwenyewe hadi mwisho. Serah, rafiki yangu wa nyumba ya pili ambaye anarudi Kenya na ndiye anayekuletea, nimemkataza kuifungua, na kwa kuwa namfahamu nimeifunga kwa gundi ya viatu.

Utauliza kwa nini nimeandika na simu ninayo. Mama, mara tatu mwaka huu nimekupigia kwa ajili ya jambo moja, na mara tatu mtandao umekatika palepale nilipotaja jina la kaka Japheth. Nimeuchunguza sana mtandao huo. Tukizungumza bei ya mahindi haukatiki. Tukizungumza mazishi ya watu unakaa wazi hata nusu saa. Basi nimeona nitumie karatasi, ambayo haina kitufe chekundu.

Nilikwambia kwamba nafanya kazi kwa mzee mmoja na binti yake, na hiyo ni kweli. Binti anaitwa Hala, mwalimu wa hesabu. Ndiye kafili wangu, mdhamini wangu hapa, na jina lake ndilo lililo kwenye ikama yangu, kibali cha kuishi. Mimi humwita madam. Mzee huitwa na wenzake Abu Hala, maana hawa nao ni kama sisi: mtu akishazaa, jina lake la zamani huwekwa kabatini akaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mimi humwita Baba. Ana miaka sabini na minane, ni mjane, na ana magonjwa mawili: presha ya macho, inayomnyang'anya mwanga mwaka hadi mwaka, na sarafu za kale za Marekani. Ule wa macho anautibu.

Alianza ujanani, alipokuwa karani kwa Wamarekani wa mafuta kule mashariki. Mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia dola moja ya fedha iwe kumbukumbu, na kuanzia siku hiyo mzee hakupona. Ana makabati mawili ya droo nyembamba, kila droo imetandikwa mahameli ya kijani yenye vishimo vya duara, kila sarafu na kitanda chake. Za dhahabu hulala juu, zile za dola ishirini zenye mwanamke anayetembea ameinua mwenge. Za fedha hulala chini. Anacho hata kipande kimoja cha dhahabu kati ya vile ambavyo Wamarekani walivipiga chapa kiwandani Philadelphia zamani ili kuilipia nchi hii mafuta yake. Kina tai, kinang'aa kama pesa, lakini hakikuandikwa thamani yoyote ila uzito wake. Baba husema hicho ndicho kitu cha Kimarekani chenye adabu kuliko vyote alivyowahi kushika, kwa sababu hakijitangazi bei.

Sasa nikueleze nilivyoingia katika mambo haya, na hapa nitakulaumu wewe kidogo. Wiki yangu ya pili katika nyumba hii, madam aliniambia nipanguse vumbi chumba cha makabati, akaenda zake shuleni. Nikavuta droo moja. Mama, nilikuta dola za fedha nyeusi kama masufuria ya matanga, nyingine zina rangi ya zambarau pembeni, nyingine madoa ya kahawia. Nikaona aibu kwa niaba ya mwenye nyumba. Nikakumbuka ulivyotufundisha: chombo cha mtu ndicho uso wake. Jivu la kuni hapa hakuna, wanapikia gesi, lakini chetezo cha udi kilikuwa kimejaa jivu laini la makaa. Nikachukua jivu, nikachukua limau, nikachukua kitambaa cha soksi, nikasugua dola kumi na mbili mpaka kila moja ikanionyesha meno yangu. Nikazipanga dirishani juani, zote zimeelekea barabarani, kama unavyopanga sufuria zako kwenye kichanja ili wapita njia wajue hapa anakaa nani. Kisha nikamwita Baba aje aone.

Wakati huo macho yake bado yalikuwa yanaona kiasi. Alisimama mlangoni, akatazama dirisha, akakaa chini sakafuni. Nilidhani ni shukrani imemlemea. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha wiki mbili kwamba uchafu mafi, halas, yaani hakuna tena, umekwisha. Alinyamaza siku tatu. Ni madam aliyenieleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha hesabu ya kutoa kwa kukopa, kwamba ule weusi ndio uliokuwa mali. Fedha ya kale hujivika ngozi yake kwa miaka mia moja, na wanaonunua hulipia ngozi hiyo. Ukiisugua umeichuna, na kilichobaki kinauzwa kwa uzito kama hereni iliyovunjika. Dola kumi na mbili, kwa asubuhi moja, kwa jivu la udi. Akaniambia nyumba nyingine ingekuwa imeshanirudisha kwa wakala. Nikaanza kufunga sanduku langu ili nisiwape kazi.

Siku ya nne Baba aliniita. Alikuwa ameshika lenzi ya kukuza, ile ya kubana jichoni kama ya fundi wa saa. Aliniambia nikae, kwamba amefikiria kununua kufuli, lakini kufuli litamzuia yeye pia, kwa kuwa haoni tena pa kuingiza ufunguo. Kwa hiyo ameona ni nafuu kunifundisha. Yalla, akasema, kwanza ona, kugusa baadaye. Akanipa lenzi.

Hivyo ndivyo mwanao, aliyepata thelathini na mbili kwa mia katika hesabu ya darasa la nane, alivyokuwa mpima bei za sarafu. Kazi yenyewe si ngumu kama inavyoonekana. Unaanza na mwaka. Kisha unaigeuza dola, na chini ya mkia wa tai unatafuta herufi ndogo inayosema ilipigwa mji gani. Isiyo na herufi ni ya Philadelphia. Halafu unatazama uso: nywele za yule mwanamke juu ya sikio zimelika kiasi gani, kifua cha tai bado kina manyoya au kimekuwa ubao. Uso unapewa alama kuanzia moja hadi sabini. Sijawahi kuona sabini, na Baba naye hajaiona, ila ana rafiki anayedai kuwa nayo na hamwonyeshi mtu. Dhahabu ni rahisi zaidi kwa sababu dhahabu ni kama mkwe tajiri: hata akichakaa anapewa kiti. Fedha ndiyo yenye fitina. Dola mbili mapacha, mwaka mmoja, sura moja, lakini herufi moja chini ya mkia wa tai inampandisha mmoja gari na kumwacha mwenzake kituoni.

Kitabu cha bei nilikisoma nikipiga pasi, ukurasa mmoja kwa kila shati. Sasa macho ya Baba yameisha kabisa isipokuwa mwanga wa dirisha, na mimi ndiye ninayemwonea. Alhamisi baada ya Alasiri marafiki zake huja na sarafu zao mifukoni, na kabla hata ya kahawa wanauliza yuko wapi Tarufina, maana jina langu hawaliwezi. Nashika sarafu kwa ukingo, namwambia Baba ninachokiona, naye anasema bei. Siku nikikosea wanafurahi sana. Siku nisipokosea wanasema ni bahati.

Katika droo ya tatu ya fedha kulikuwa na kishimo kitupu. Mahameli yake yalikuwa mapya kuliko mengine yote kwa kuwa hakuna kilichowahi kulala hapo. Nilimuuliza Baba ni cha nani. Akaniambia ni cha dola ya mwaka 1889 iliyopigwa Carson City, mji mdogo wa migodi ya fedha, na kwamba ameitafuta miaka thelathini. Zenye mwaka huo zisizo na herufi ni nyingi kama mchanga. Zile za mji ule zilitoka chache, na utazijua kwa herufi mbili chini ya mkia wa tai, C na C, zimekaa karibu kama watoto wawili kwenye benchi.

Nilikuwa nimebeba droo nzima. Ilinibidi niiweke chini.

Mama, hiyo dola naijua. Na wewe unaijua. Ni ile Babu aliyopewa na Mmarekani wa misheni alipomaliza kumjengea ukuta wa matofali, akaambiwa asiitumie bali aitunze, naye akakupa wewe siku ulipoolewa. Ni ile uliyoiweka kwenye mkebe wa kakao pamoja na hati ya shamba na kadi zetu za ubatizo. Kila Krismasi baada ya chai ulikuwa unafungua mkebe, unamwekea Japheth dola mkononi kwanza kwa kuwa ndiye wa kwanza, kisha mimi, na ilikuwa lazima kila mmoja ausome mwaka kwa sauti: elfu moja, mia nane, themanini na tisa. Ilikuwa namba yangu ya kwanza kubwa. Nilikuwa naibonyeza mkononi mpaka inaacha alama kwenye ngozi, tai na zile herufi mbili, natembea na muhuri wangu hadi jioni. Ndiyo hiyo dola iliyopotea mwaka nilipokuwa na miaka tisa na Japheth kumi na sita. Ndiyo iliyokufanya uwaambie watu wa kanisani na wa sokoni kwamba jina la Mama Japheth limekufa, wakuite Mama Truphena. Na wakakuita hivyo mpaka leo. Hujui ni mara ngapi nimesikia mtu akikuita jina hilo barabarani nikatamani kuingia kichakani.

Nilivumilia hayo hadi Septemba mwaka huu. Mwezi huo madam alikuwa na arusi ya mwalimu mwenzake Jeddah, na Baba akasema naye ataenda, na Tarufina lazima, kwa sababu kuna mtu amempigia simu kwamba dola ya Carson City imepatikana. Madam akasema baba yake anakwenda arusini kwa miguu ya sarafu. Tukaenda.

Muuzaji anaitwa Vuai, ana duka la simu mtaa wa Sharafiya, na nyuma ya simu, chumba cha vitu vya kale. Wazazi wake walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, yeye kazaliwa Ghulail, hapo hapo Jeddah. Aliposikia naitika kwa Kiswahili alifurahi kama kaona shangazi, akaniuliza mwanangu we watokea wapi, nikamwambia Kenya, bara, karibu na Kakamega, naye akasema ndiyo maana Kiswahili changu kimekaa kama mtu aliyebeba matofali. Nikamjibu kwamba ni kweli, Babu yangu alikuwa mwashi. Akacheka, akatuletea kahawa na tende, kisha akaiweka dola mezani juu ya kitambaa.

Mwaka 1889. Tai. Herufi mbili. Nywele nzuri juu ya sikio. Nilibana lenzi kwa haraka hata ikanigonga jichoni. Baba alikuwa ameinamisha kichwa upande wangu, anasubiri nimwambie inavyoonekana, uso wake kama wa mtoto anayesubiri kufunguliwa zawadi. Hapo Vuai, akimmiminia mzee kahawa na kutabasamu, aliniambia polepole kwa Kiswahili kwamba mzee huyu haoni, macho yake ni mimi, basi niseme ni njema tu, mzee afurahi, na mimi siku ya kuondoka nitapata changu. Alivyolisema ungefikiri ananipa mapishi ya pilau.

Sitakudanganya kwamba sikuwaza. Niliwaza. Kishimo cha miaka thelathini kingejaa, mzee angelala kwa raha, na hakuna duniani ambaye angejua ila Vuai na mimi. Lakini chini ya lenzi, kuzunguka zile herufi mbili, kulikuwa na mstari mwembamba kama ukingo wa kiraka cha baiskeli. Na hata bila mstari ule, kidole gumba changu kilikataa. Herufi zilisimama wima mno na zilikaa mbali, watoto wawili waliogombana. Ilikuwa dola ya kawaida ya Philadelphia iliyobandikwa mji usio wake. Nikamwambia Baba kwa Kiarabu, polepole, kila nilichokiona. Kisha nikamwambia Vuai kwa Kiswahili changu cha matofali kwamba anisamehe.

Vuai aliivuta dola kwake. Akachukua lenzi yake mwenyewe, akatazama sana, akakaa kitini. Akasema haya bwana, kumbe na mie nilipigwa, tena na mtu niliyemlisha. Kama alijua au hakujua, hilo ni lake na Mungu wake. Alitupa tende nyingine za njiani.

Tulipokuwa uwanja wa ndege tukisubiri kurudi Riyadh, Baba aliniuliza nilijuaje haraka vile, kabla hata ya kupima uzito. Nikamwambia nimewahi kuishika ya kweli. Akanigeukia, akaniuliza wapi. Na hapo, Mama, katikati ya watu na masanduku yao, nilimwambia mzee asiye wa kabila letu wala dini yetu jambo ambalo sijalisema kwa miaka ishirini na saba. Sasa nakwambia wewe.

Japheth hakuchukua dola yako. Niliichukua mimi.

Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake kina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwako. Ulituambia hutaki kuona kitu cheusi katika nyumba hii. Japheth alikuwa kwenye kibarua cha matofali, mimi nikasugua sufuria, birika, vijiko, hata bawaba za mlango. Zilipoisha nikakumbuka kwamba kitu cheusi kuliko vyote kiko ndani ya mkebe. Nilitaka uufungue mbele ya wageni ukute inawaka. Nikaichukua, nikateremka kijitoni na jivu kwenye jani la mgomba, nikaisugua kwa jivu na mchanga. Na iling'aa, Mama. Yule mwanamke alitokea na shavu lake lote. Niliinyanyua niione juani, vidole vyangu vilikuwa na utelezi wa jivu, ikaruka kama samaki, ikaingia kwenye maji chini ya yale mawe makubwa. Niliitafuta hadi mbuzi wakarudishwa nyumbani. Kisha nikafunika mkebe vizuri, nikauweka mahali pake.

Ulipogundua wiki iliyofuata kwamba dola haimo, Japheth alikuwa na viatu vipya vya raba, alivyovinunua kwa jasho la matofali. Uliviangalia miguuni pake, nikakuona unavyoviangalia. Ukaleta Biblia, ukamwambia aweke mkono aape kwamba si yeye. Akakataa. Ukasema asiyeweza kuapa ameshakiri. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, na mdomo ninao. Asubuhi yake alikwenda Nakuru na viatu vile vile.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Akapangusa uso, kisha akaniuliza: herufi zilikuwa mbili, nina hakika? Nikamwambia nina hakika. Akashika kichwa. Akaniuliza kijito kina kina gani. Madam akageuka kwa ghadhabu akamwambia, yuba, baba, binti anakwambia habari za ndugu yake na wewe unauliza mto! Mzee akasema mto nao ni sehemu ya habari. Lakini baada ya muda akaniuliza, kwa sauti nyingine, kama ndugu yangu anajua. Nikasema hajui. Akatoa simu yake mfukoni, akanipa, akasema piga.

Nilimpigia Japheth palepale, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Alicheka, Mama. Alicheka hadi nikafikiri ni mtu mwingine kapokea. Kisha akaniambia alijua tangu jioni ile ile. Aliniona napanda kutoka kijitoni nimelowa, nina jivu hadi viwikoni, na sina hata sufuria moja mkononi. Nikamuuliza kwa nini basi hakuapa, naye angeapa kweli. Akasema nyumba ile ilikuwa na watoto wawili; yeye akiapa kwamba si yeye, anabaki nani? Mimi nilikuwa na miaka tisa, ndiyo kwanza nimetoka malaria, na mkono wako mwaka ule, baada ya baba yetu kuachishwa kazi, ulikuwa mzito. Alidhani utapoa kabla ya Krismasi. Aliniomba nisikwambie. Alisema umezeeka, nikuache na mwizi uliyemzoea. Aliuliza kitu kimoja tu: kama Krismasi bado unafungua mkebe. Nikamwambia tangu mwaka ule hujaufungua.

Nimeshindwa kumtii. Nimemtii kwa kukaa kimya miaka yote bila yeye kuniomba, na sasa ameniomba, imenibidi niseme.

Bei ya ile dola naijua leo kwa kila alama, lakini sitaiandika humu. Nikiiandika najua kesho kijiji kizima kitakuwa kijitoni na makarai. Ujue tu kwamba kwa lile jivu na ule mchanga nilikuwa nimeshaiua nusu kabla haijagusa maji.

Tuliporudi Riyadh, Baba alimwambia madam avute droo zote za fedha, akaniambia nichague moja niipendayo iwe yangu, na madam awe shahidi. Marafiki zake wa Alhamisi walikuwepo. Mmoja alinikonyeza nichukue ile ya San Francisco. Mimi nikachukua moja kati ya zile kumi na mbili za jivu la udi. Baba aliipapasa kwa kidole gumba, akaijua kwa utelezi wake, akacheka hadi kahawa ikamwagika. Akasema amenifundisha miaka sita na bado mimi ni mfanyabiashara mbaya. Nikamwambia inakwenda kwa mama mmoja ambaye, kati ya sarafu zote za nyumba hii, angekubali kwamba zile kumi na mbili tu ndizo safi.

Serah ameishonea kwenye kona ya leso atakayokupa. Si ile, Mama. Ni ya mwaka mwingine, chini ya mkia wa tai hakuna herufi, na sonara atakupa bei ya fedha tupu, kwa hiyo usimpelekee. Iweke kwenye mkebe. Ukitaka kuisugua, isugue upendavyo. Hii haina tena cha kupoteza.

Tarehe ishirini Desemba Japheth atakuja na mkewe Maryann, na kijana wao Allan, na msichana wa miaka sita anayeitwa kwa jina lako, Hannah, ambaye hujamwona. Hataomba ruhusa kwa simu, maana anaujua mtandao wako. Atasimama getini kama alivyosimama siku tulipomzika baba yetu, mkamwacha akalale kwa baba mdogo. Nakuomba safari hii asipitilize. Siku ya Krismasi, baada ya chai, fungua mkebe, umwekee yeye mkononi kwanza kama zamani. Halafu mpe Hannah mdogo ausome mwaka. Naambiwa anajua kusoma namba kubwa.

Fimbo yangu niwekee. Nakuja likizo mwezi wa tatu, na nimeshanenepa vya kutosha kuistahimili.

Nisalimie baba mdogo na nyumba yake, kina mama wa kanisa, na yule wa jembe. Baba na madam wanakusalimu. Baba anauliza tena, kwa heshima, kama kijito hicho hukauka wakati wa kiangazi. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema na goti jipya.

Nimebakiza neno moja. Juu ya bahasha sikuandika jina unalotumia siku hizi. Nimeandika Mama Japheth, kwa herufi kubwa, na Serah nimemwagiza asimame getini akuite hivyo kwa sauti, na asimpe bahasha mtu yeyote ila yule atakayeitika. Serah ni mtu wa kufuata maagizo isipokuwa yanayohusu barua za watu. Kwa hiyo, Mama, kama umefika mstari huu, basi umeshaitika.

Mimi, mtoto wako wa pili,
Truphena